"Kazi ya kukaa tu": siku yangu kwenye cherehani

Saa 11:00 alfajiri. Siku hizi sikurupuki. Nageukia ubavu kwanza, nashusha miguu, ndipo najisukuma kwa mkono. Chai, watoto, daladala. Saa 2:00 nipo Kariakoo, barazani, na mafundi wenzangu.

Saa 2:30 nakata vitambaa. Hapa nina raha, maana kukata nakata nimesimama.

Saa 4:00 nakaa. Stuli ya mbao haina egemeo, na sindano inataka macho yawe karibu. Basi shingo inainama, mabega yanaifuata, kiuno kinapinda kama ndoano. Mwaka wa 14 huu. Nilianza na cherehani ya kukanyaga, na angalau miguu yote miwili ilikuwa inacheza. Nikafunga mota. Kazi ikaenda mbio, mwili ukaganda: kinachosogea kutwa ni mguu wa kulia tu, nami nimelalia tako moja. Mwaka jana maumivu yakatoka kiunoni, yakapita takoni, yakashuka hadi kwenye shavu la mguu, na ganzi juu yake.

Hospitali mtaalamu wa viungo akanieleza: kati ya pingili za uti wa mgongo kuna vitu laini kama mito midogo ya kulalia, na kwa mtu mzima karibu havina mishipa ya damu. Lishe yao inaingia vikibanwa na kuachiwa, yaani mtu akijongea. Mimi nilikuwa navibana asubuhi, kuviachia jioni. Akasema niinuke kila nusu saa. Fundi gani anaangalia saa? Natumia bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Uzi wa bobini ukiisha nasimama, najinyoosha kwa nyuma, ndipo naujaza.

Saa 7:00, wali maharage bado mdomoni, akaingia mteja wa gauni la sendofu.

"Fundi, umeniharibia. Linabana."

Nikafungua daftari la vipimo, nikampima upya. Kiuno kimeongezeka inchi 2 ndani ya wiki tatu. Hakutaka kusikia. Liachiwe sasa hivi, anasubiri. Bahati yake huwa naacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Mafundi wengi hawaachi. Lakini lesi haifumuliwi kwa pupa. Unainama mpaka pua inakaribia kugusa kitambaa, unakata uzi mmoja mmoja, na yeye kasimama juu ya kichwa chako anahema. Upande mmoja, wa pili, zipu itoke, irudi. Mguu ukaanza kuchoma. Bobini ikaisha, nikasimama.

Akaguna. "Mbona unapumzika? Si umekaa tu tangu nije?"

Fundi wa jirani akasimamisha cherehani yake akanitazama. Nikajaza uzi, nikakaa. Alipolivaa, gauni likamkaa, na hata mimi nilitafuta pale nilipofumua sikupaona. Alilipa nusu. Nyingine atatuma.

Toka hapo saa sikuzihesabu. Sketi za shule, pindo, vifungo, umeme ukakatika, ukarudi, pindo tena. Giza limeshaingia ndio nikafunga.

Kwenye daladala kijana mmoja akainuka. "Shikamoo mama, kaa hapa."

"Marahaba mwanangu. Kaa tu."

Konda akashangaa. "Mama, siti hiyo! Gongo la Mboto mbali!"

Nikashika bomba.