Karatasi ya makabidhiano: nilivyopunguza ugomvi wa amana

Kodi ikichelewa, wote mnajua imechelewa; tarehe ipo kwenye mkataba. Ugomvi wenyewe ni wa amana, fedha anayoiweka mpangaji mwanzoni ili kufidia uharibifu, nao huja siku ya kuhama: mko wawili mbele ya ukuta wenye mkwaruzo, mmoja anasema haukuwepo na mwenzake anasema aliukuta. Tena huenda hakuna anayedanganya. Ni nani anakumbuka ukuta aliouona mara moja miaka mitatu iliyopita?

Napangisha nyumba chache, na sikabidhi funguo kabla ya kuzunguka nyumba nzima na mpangaji tukiwa na karatasi mkononi. Tunaanzia mlangoni na kufuata ukuta mmoja mmoja kuelekea kulia, chumba kwa chumba, ili pasirukwe kitu. Tunajaribu kila ufunguo kwenye kitasa chake, tunafungua mabomba yote, tunawasha kila swichi, tunafungua na kufunga madirisha. Maneno kama “nzuri” au “safi” siyaandiki, kwa sababu hayamsaidii mtu baadaye. Naandika “ukuta wa kushoto, matundu mawili ya misumari, rangi haijachubuka.” Idadi ya funguo inaandikwa, na namba za mita ya maji na ya umeme pia. Mwisho tunatia saini nakala mbili, kila mtu yake.

Picha napiga kwa jozi: moja ya mbali inayoonyesha ukuta wote, nyingine ya karibu nikiwa nimeweka sarafu kando ya kasoro ili ukubwa wake uonekane. Picha ya karibu peke yake haisemi ni ukuta wa chumba gani. Zote namtumia mpangaji siku hiyohiyo kwa simu, ziwe kwake na kwangu zikiwa na tarehe moja.

Kisha nampa wiki moja ya kuongeza alichokiona baada ya kulala humo. Wenye nyumba wenzangu huniambia namfungulia mtu mlango wa malalamiko. Sawa, na ndicho ninachotaka. Kuna kasoro zisizoonekana mchana mkiwa mnazunguka: sinki linaloshusha maji polepole, bomba linalodondosha maji usiku, dirisha linalopitisha mvua. Mpangaji akizoea kusema mapema, koki inayovuja inaniishia kwa kubadilisha mpira wake. Akinyamaza kwa hofu ya kuonekana msumbufu, nitakuja kukuta kabati la chini ya sinki limeoza.

Choo kina jaribio lake, nalifanya kabla hajahamia. Natia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi, nasubiri dakika kama 10 bila kuvuta maji. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa ndani haukazi, na tangi la namna hiyo linaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku bila sauti. Kwa mabomba yaliyofichwa ukutani, funga koki zote, soma mita, rudi baada ya saa moja. Ikiwa imesogea, ita fundi.

Sasa amana yenyewe. Uchakavu wa kawaida ni wangu, uharibifu ni wa mpangaji, na mstari kati yake ndio unaohitaji haki. Rangi kupauka kwa jua, sakafu kulika kwenye njia ya kupita, kitasa kulegea: hayo ni maisha ya nyumba inayokaliwa na kodi inayalipia. Mlango uliotobolewa au sinki lililopasuka ni habari nyingine. Ukungu ndio unaonisumbua zaidi. Doa la kahawia lenye ukingo darini kwa kawaida ni maji yanayotoka juu, basi ni langu. Vidoa vyeusi kwenye kona na nyuma ya kabati mara nyingi ni unyevu wa hewa isiyotoka. Hata hapo, kabla sijamlaumu mtu, naangalia kwanza kama dirisha la bafu nililompa linafunguka.

Hata kwenye uharibifu wa kweli sidai bei ya kitu kipya. Tuseme ukuta ulipakwa rangi alipoingia, na rangi hiyo nategemea idumu miaka 5. Amekaa 4, watoto wakauchora kwa kalamu. Nikimdai gharama yote, namlipisha rangi ambayo mwaka ujao ningeinunua mwenyewe. Namdai sehemu moja ya tano. Hesabu hii naionyesha tangu siku ya kuingia, wakati bado hakuna anayemdai mwenzake.

Amana naiweka kwenye akaunti ya peke yake, mbali na kodi na mbali na matumizi yangu. Kule England, tangu 2007, sheria inataka amana ya upangaji wa kawaida ilindwe kwenye mpango ulioidhinishwa na serikali. Mwenye nyumba asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa kumlipa mpangaji hadi mara tatu ya amana. Mimi hakuna anayenilazimisha, ila sioni namna nyingine ya kuhakikisha fedha ipo siku inapodaiwa.

Akitoa notisi ya kuhama, naomba tukague kama wiki mbili kabla, kwa saa aliyoichagua yeye. Hapo tunasoma karatasi ya zamani mstari kwa mstari, na anaambiwa anachoweza kurekebisha mwenyewe kwa gharama ndogo kuliko ya fundi wangu. Wengi hurekebisha. Mmoja alinionyesha bawaba ya kabati la jikoni akasema, “Mama, hii uliiandika wewe mwenyewe kuwa imelegea.” Nikatazama, kweli ipo, kwa mwandiko wangu. Nikaiondoa kwenye makato, nikamrudishia iliyobaki pamoja na risiti za fundi.