Nilivyodai fidia ya WIBA kwa mguu uliovunjikia kwenye trela

Pale Salgaa, kituo cha madereva wa malori huku Nakuru, Kenya, kila kibanda cha chai kina mtaalamu wa bima. Nilipovunjika kifundo cha mguu nikifunga turubai juu ya trela, wataalamu hao walinihukumu mara tatu kabla plasta haijakauka: gari lilikuwa limesimama, kwa hivyo hiyo si ajali, niliteleza mwenyewe, kwa hivyo kosa ni langu, na la tatu, nitulie tu, bima ya gari italipa. Nimelipwa, na nimelipwa kwa njia ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeitaja.

Tuanze na hiyo bima ya gari. Stika iliyo kwenye kioo ni ya watu wa nje: mpita njia, mwendesha bodaboda, waliokuwa kwenye gari ulilogonga. Sheria yake, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, haimlazimishi mwenye gari kumkatia mfanyakazi wake anayeumia akiwa kazini. Dereva na taniboi, yaani msaidizi wake, wana bima yao kando, chini ya WIBA, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Mwajiri analazimika kuikata, na asipoikata deni halifi, linabaki lake.

WIBA haiulizi nani mwenye kosa. Inauliza kama uliumia ukifanya kazi. Kufunga mzigo, kubadilisha gurudumu kando ya barabara, kuinua kichwa cha lori uangalie injini, kuteleza ukishuka ngazi ya kichwa hicho, zote ni kazi. Ukorofi wa makusudi ndio unaoweza kukunyima, na hata huo haukunyimi ukipata ulemavu mbaya, wala hauinyimi familia ukifa.

Taarifa ya mdomo kwa mwajiri kwamba umeumia inakubalika kisheria, ila mdomo hauachi alama. Nilimwandikia meneja ujumbe wa simu nikiwa kitandani: namba ya gari, mahali, saa, kazi niliyokuwa nikifanya, jina la taniboi aliyeniona nikianguka. Akajibu, "Pole sana dere, tumepata." Pole nilishukuru, lakini hilo "tumepata" ndilo nililolipiga picha nikalihifadhi. Mwajiri akishapata habari ana siku 7 kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Wengi hawaripoti, halafu baadaye wanasema hawakujua. Kama uliumia kwenye ajali ya barabarani, ongeza namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na abstrakti yao, yaani muhtasari wa ajali. Mimi sikuihitaji, hakuna gari lililogongwa.

Mwajiri wangu aliikalia fomu. Nilienda mwenyewe ofisi ya DOSH Nakuru, idara ya huyo Mkurugenzi, na magongo yangu, nikabeba ule ujumbe, karatasi za hospitali na nakala ya kitambulisho. Ofisi ikimwandikia mwajiri barua, fomu hujazwa haraka ajabu. Usingoje kuhurumiwa: dai lina miezi 12 tangu siku ya ajali, na kuna madereva waliokaa mwaka mzima wakiambiwa "tunashughulikia".

Hao wanaosema hawana mkataba wa kuandikwa wasikate tamaa. Delivery note (hati ya kukabidhi mzigo) yenye sahihi yako, makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, pesa zinazoingia kutoka simu ya mhasibu, picha za gari ukiwa nalo kwenye yadi: hivyo ndivyo vinavyoonyesha unamfanyia nani kazi.

Fomu ya DOSH/WIBA 1 ina sehemu mbili, na hapa ndipo watu wanapunjwa. Ya kwanza ni ya mwajiri, ya pili ni ya daktari, naye ndiye anayeandika asilimia ya ulemavu wa kudumu. Mwajiri wangu alitaka daktari aijaze wiki zile za mwanzo, mguu ukiwa bado ndani ya plasta. Daktari ataona nini ndani ya plasta? Ataandika kiasi kidogo cha kubahatisha, au aache wazi, na mwingine aje kupajaza. Nilikataa mpaka plasta itoke, mazoezi ya viungo yaishe na eksirei ya mwisho ipigwe. Kifundo kilichogoma kukunja, kwa mtu anayekanyaga klachi siku nzima, hicho ndicho kinachopimwa. Bima ikikutuma kwa daktari wake, nenda, gharama si yako. Beba eksirei zote, ya kwanza na ya mwisho.

Wakati hujapona kabisa, kuna malipo mengine kando na fidia hiyo. Kama huwezi kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, unastahili mapato yako kwa vipindi, hadi miezi 12. Kinachoyakata ni karatasi za mapumziko zenye mapengo. Karatasi moja ikiisha Ijumaa na nyingine ianze Jumatatu, mtu wa bima atakwambia wikendi ulikuwa mzima. Mwombe daktari ianze kesho yake ile ya zamani ilipoishia.

Hospitali, dawa, magongo, hata nauli ya kukufikisha hospitali ni mzigo wa mwajiri. Nikaambiwa nitumie SHA, bima ya afya ya serikali. SHA umeilipia kwa mshahara wako mwenyewe, asilimia 2.75 kila mwezi, na haimwondolei mwajiri jukumu lake. Weka kila risiti yenye jina lako.

Sasa niwape utamu wenyewe. Fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, mara asilimia aliyoandika daktari. Mwajiri aliandika mapato yangu kuwa mshahara wa msingi tu, kama 28,000. Kwa asilimia 15 hiyo ni 403,200. Lakini dereva gani wa masafa anaishi kwa msingi? Tunaishi kwa mileji, malipo ya kila safari. Sheria inahesabu malipo yanayojirudia kwa kazi yako ya kawaida, na inaacha nje pesa za kugharamia safari. Mhasibu alishikilia kwamba yote anayotutumia ni "pesa ya njia".

Nikatoa taarifa za M-Pesa za mwaka mzima na kalamu mbili za rangi. Kwa kila safari mhasibu hutuma mara mbili. Ya kwanza huingia kabla sijatoka yadi. Hiyo ni ya chakula na kulala, nikaipaka kijani na kumwachia, ni gharama kweli. Ya pili haiingii mpaka nirudishe delivery note iliyopigwa muhuri na mwenye mzigo. Hiyo nikaipaka njano. Kisha nikapanga nakala za delivery note kwa tarehe, kila moja kando ya mstari wake wa njano. Muhuri leo, pesa leo au kesho, mwezi baada ya mwezi. Pesa ya njia haitumwi mtu akiwa ameshafika nyumbani! Nilipoiweka mezani, sikuhitaji kusema mengi. Mhasibu aliipekua, akarudi nyuma, akaipekua tena, akaanza kuuliza habari za mguu. Mapato yakaandikwa takriban 40,000, na kwa asilimia ileile hesabu ikawa 576,000. Kalamu zilinigharimu kama shilingi mia.

Kabla ya hapo walikuwa wamejaribu njia ya mkato. Meneja alinialika ofisini, akaniagizia soda, akasukuma karatasi: "Dere, weka sahihi hapa, tukupe elfu sitini ujisaidie, haya mambo ya serikali yatakuchosha." Chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba sina dai jingine lolote. Nikanywa soda, nikamwomba nakala nikamwonyeshe mke wangu. Nakala hiyo niliipeleka DOSH. Makubaliano ya mfanyakazi kuachilia haki zake za WIBA hayana nguvu kisheria, lakini kwa nini uweke sahihi uanze kubishana nayo? Pesa ya matibabu pokea, na uandike kwenye risiti kwamba ni ya matibabu.

Mawakili wa kukufuata wodini watakwambia mwende kortini moja kwa moja. Mahakama ya Juu ilikata shauri Desemba 2019: dai la jeraha la kazini huanzia kwa Mkurugenzi. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 60 za kupinga kwa maandishi. Yeye hujibu ndani ya siku 14, na jibu lisipokufaa una siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina vikao Nakuru na Kisumu. Hapo ndipo wakili ana kazi.

Gari jingine likikugonga, mambo ni mawili: dai WIBA kwa mwajiri wako, na huyo mwingine mshtaki kwa uzembe, ambako muda ni miaka 3. Kwa wanaovuka Malaba na Busia, kuumia Uganda hakukutoi kwenye WIBA kama kampuni ni ya hapa na wewe umeenda kwa safari tu. Ripoti kwa polisi wa huko na urudi na karatasi zao. Asiyeweza tena kufanya kazi yoyote aulizie pia pensheni ya kulemaa ya NSSF. Ni mfuko mwingine na haupunguzi fidia.

Mkurugenzi akishawasilisha dai, mwajiri au bima ana siku 90 kulipa. Pesa hupitia kwa Mkurugenzi, naye ana siku 30 kukufikishia. Angalia tu jina: fomu, kitambulisho na akaunti ya benki viandikwe sawasawa, herufi kwa herufi. Ukizoea kuitwa jina la utani mpaka kwenye hati ya mshahara, lirekebishe mapema, maana benki haitamjua huyo mtu.