Wanafanya Kazi Gani Humo?

Mtu akinisifia tamthilia mpya, swali langu la kwanza ni hili: humo ndani watu wanafanya kazi gani? Wengi hucheka. Hunieleza mapenzi, mtoto aliyebadilishwa hospitalini, mama mkwe mwenye roho mbaya. Sawa, lakini huyo mama mkwe anakula nini? Nani analipia umeme wa jumba lile lenye taa hadi kwenye ngazi? Mimi ni mshonaji hapa Busia, upande wa Uganda. Tivii yangu iko dukani, juu ya kabati la vitambaa, na ninachotazama nakitazama mguu ukiwa kwenye cherehani. Labda ndiyo maana.

Waturuki ndio wanaotawala jioni siku hizi. Zile tamthilia zao zilizotiwa sauti za Kiswahili nazipenda, sitadanganya. Mzee wa Istanbul anamgombeza mwanawe kwa Kiswahili cha pwani, kikali na kitamu, hadi unasahau kwamba midomo na maneno haviendi pamoja. Ila kila mwanamume humo ni mkurugenzi wa kampuni, na hata tamthilia ikielekea kwisha bado hujui kampuni inauza nini. Wanaingia ofisini, wanavua koti, wanagombana, wanavaa koti, wanatoka. Na yale macho! Anamwangalia, naye anaangaliwa, muziki unapanda, mimi nakunja pindo la sketi nzima kabla hajatamka neno. Kumbe kule kwao kipindi kimoja huzidi saa mbili, kisha kikiuzwa nje hukatwa vipande vifupi. Basi nimewasamehe kidogo. Ukipewa muda wote huo kila wiki, utajaza na nini kama si macho?

Busia ni mji mmoja uliokatwa na mpaka, na pande zote mbili zinaitwa Busia, kwa hiyo mambo ya Kenya hatuyahesabu kuwa ya ugenini. Maria ilipoanza Citizen TV mwaka 2019, binti wa mtaa wa mabanda aliyeingia kwenye nyumba ya matajiri, wateja walikuwa wakija kuchukua nguo zisizokuwa tayari ili tu wapate pa kukaa. Yasmin Said aliibeba ile tamthilia mabegani. Mwaka 2022 ikaja Sultana, naye Mwanaasha Johari akacheza binti kipofu, na hiyo kwangu ndiyo iliyozidi. Kwanza lugha. Kile Kiswahili cha pwani unaweza kukisikiliza ukiwa umeinamia kitambaa na usipitwe na kitu. Pili, umaskini wa mle ndani una watu, una majirani wanaoingia bila hodi na kuuliza mambo yasiyowahusu.

Lakini nina ugomvi na wanaowavisha waigizaji, na hapo siachi Mkenya wala Mganda. Maskini wa kwenye tivii huvaa gauni lililochanika kidogo begani, halafu kiunoni limemkaa sawasawa, limeshonwa kwa vipimo vyake mwenyewe. Nguo ya maskini ilishonewa mtu mwingine. Mabega yanaanguka, mikono mirefu, zipu imebadilishwa na rangi yake hailingani. Nikiona gauni la namna hiyo kwenye tamthilia nitaiamini hadithi yote.

Za kwetu sasa. Tangu chaneli ya Pearl Magic Prime ianze, picha zimekuwa nzuri, sauti inasikika, na waigizaji wetu wamepata mahali pa kukomaa. Nilifuatilia Prestige kwa hamu, mambo ya wakubwa wa Kampala, na kuna jioni niliacha kazi nikakaa kabisa. Hata hivyo naona tumeanza kulipenda jumba kuliko hadithi. Jumba, geti, gari jeusi, glasi ya mvinyo mchana. Mfanyakazi wa ndani anapita na sinia, anaambiwa "toka," anatoka. Mimi ningependa kamera imfuate huyo huko jikoni! Zamani ile The Hostel ya wanafunzi wa chuo kikuu ilikuwa na makosa yake, ila angalau mule ndani kulikuwa na watu waliofilisika, na mwanafunzi aliyefilisika ana mbinu nyingi kuliko tajiri yeyote.

Ukitaka watu na kazi zao, tazama Agataliiko Nfuufu ya Bukedde. Hiyo ni taarifa ya habari ya Kiluganda, si tamthilia, lakini hakuna mwandishi wa tamthilia nchini anayeifikia. Mwenye nyumba kang'oa mlango kwa sababu ya kodi. Wake wenza wamekutana kwenye matanga. Dereva wa boda kadai nauli yake mbele ya umati, na kila mmoja katika umati ana hukumu yake. Unajua mara moja nani anauza nini, anadaiwa na nani, shamba liko wapi. Kiluganda changu ni cha sokoni na bado sipotei. Kinachonikera ni zile kamera kumsogelea mtu aliyelewa au anayelia, ambaye kesho atatakiwa kurudi kwenye kibanda chake kuuza nyanya mbele ya watu walewale. Hapo huwa napunguza sauti, kana kwamba hilo linamsaidia.

Na VJ je, wale wasimulizi wa filamu? Wasomi huwadharau, mimi nawapigia saluti. VJ Jingo, VJ Junior na wenzao wanachukua filamu ya Marekani au ya China, wanaisimulia kwa Kiluganda juu ya picha, na wakiona mhusika hana shughuli wanampa. Niliwahi kukaa kwenye kibanda cha sinema hapa mjini, jambazi anakimbizwa juu ya mapaa, na VJ akatuambia huyo anakimbia deni la mkopo, mke wake ndiye aliyemdhamini. Ukumbi mzima ukamwonea huruma jambazi. Mwandishi wa filamu ile hakuwahi kufikiria hivyo, nami naona VJ alikuwa na haki.

Kisha huwa najiuliza, ya kwetu ya Kiswahili itakuja lini? Kiswahili kiliingizwa kwenye katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wanakuja dukani wananisalimia "shikamoo" ya daftarini. Tamthilia ya Uganda kwa Kiswahili chetu hiki, cha Busia, cha Arua, cha kambini, sijabahatika kuiona. Na hadithi zimejaa hapa. Madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao kwenye kituo cha pamoja cha mpakani. Wabadilisha pesa wenye vibunda viwili mkononi, shilingi ya huku na shilingi ya kule. Wanawake wa mahindi wanaojua bei ya pande zote mbili kabla ya jogoo kuwika. Mama mkwe tumpe duka la nafaka, tuone ubaya wake unavyofanya kazi kwenye mizani.

Nilimweleza hayo binti wa kaka yangu, anayejifunza kushona kwangu.

"Anti," akasema, "nani atatazama? Watu wanarudi wamechoka na kazi, halafu uwaonyeshe kazi tena?"

"Mbona Agataliiko wanatazama?"

"Ile ni habari. Tamthilia ni ya kupumzika. Mimi nataka jumba, Anti. Nataka ngazi."

Sikuwa na la kumjibu, na rimoti alikuwa nayo yeye. Tukaangalia ya Kituruki. Baba mkurugenzi amefariki, wosia utasomwa Jumatatu. Mtoto anasema mali yote itakwenda kwa mke mdogo. Mimi nasema wakili amehongwa, maana ameanza kuvaa suti mpya, na safari hii imeshonwa na fundi anayejua kazi.