Kina cha Orange, Mlimani Wales

Nilikuwa nahudumia wazee huko Abergavenny, kusini mwa Wales, na mwenzangu wa zamu, mama mmoja mzaliwa wa pale, alijua kuwa natunga mashairi. Jumamosi moja akanipeleka kwa gari hadi Keeper's Pond, tukaanza kuupanda mlima Blorenge. Mshairi hawezi kukaa hapa bila kuukwea, alisema, kwa sababu neno orange, yaani chungwa, karibu halina kina katika Kiingereza isipokuwa jina la mlima huu wa mita 561, na sporange, kifuko cha chembe za uzazi chini ya jani la kangaga.

Niliduwaa. Akanieleza kwamba mkazo wa orange uko mwanzoni, kwa hiyo kina chake lazima kianzie huko huko; mwisho kufanana hakutoshi. Mimi niliyelelewa na vina vya silabi moja nilimwonea huruma ya kweli.

Njiani ndege mdogo akatua ukutani. Wanamwita robin, kifua chekundu, ingawa kifua chenyewe ni rangi ya chungwa tupu. Jina hilo la kifua chekundu ni la kale kuliko jina la rangi ya chungwa: zamani Waingereza walisema geoluread, yaani njano-nyekundu. Tunda lilikuja na jina lake kutoka mashariki, naranga kwa Kisanskriti, narang kwa Kiajemi, naranj kwa Kiarabu, naranja kwa Kihispania, na karne ya 16 ndipo Waingereza wakaliita rangi pia. (Mji wa Orange kule Ufaransa hauhusiani na tunda, Warumi waliuita Arausio.)

Hapo nikamwambia kwamba kwetu Muheza, Tanga, chungwa lililoiva na kujaa sukari huwa na ganda la kijani. Akasimama kabisa. Nikamweleza kuwa usiku wa kwetu hauna baridi ya kuufifisha ukijani wa ganda. Mtoto wa Muheza huitambua "rangi ya chungwa" kwenye penseli za shuleni kabla hajaiona kwenye ganda la chungwa. Alinitazama kwa furaha ambayo sijaisahau, nami nikajisikia nimeleta kitu changu mlimani kwake.

Kileleni upepo ulikuwa mkali. Akaniuliza kama chungwa lina vina. Nikaanza: jangwa, kufungwa, kutungwa, kupangwa, kuchungwa. Akaniinulia mkono, inatosha! Tukiteremka nikatunga, nikamwimbia kwa sauti ya tenzi za bibi yangu:

Nimekwea kwa kuhema, nikiwaza la kutungwa,
Kileleni nimekoma, mkononi nina chungwa,
Na mwenzangu akasema, kwa vina sisi twafungwa,
Kwetu vina ni neema, kama mbuzi wa kuchungwa.

Hakuelewa hata neno, lakini alizisikia "ngwa" zote nne, na kabla hatujafika kwenye gari alinitaka niuimbe tena.