Kaakaa la Mama

Leo asubuhi nimempeleka mama kliniki ya meno hapa Dodoma mjini, kwa kuwa kwa wiki mbili amekuwa akilalamika kwamba hata mlenda, mboga aliyoizoea tangu utotoni, unamchoma mdomoni.

Huu ni mwaka wa sita anavaa meno ya bandia ya juu.

Daktari alipomwomba ayavue, niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona: kaakaa lote lilikuwa jekundu, na wekundu huo uliishia palepale ukingo wa meno yale unapoishia, kana kwamba mtu ameuchora kwa kalamu.

Bado ninauona hadi sasa.

Tulielezwa kuwa ni fangasi aina ya Candida, ambao huishi kwa utulivu katika vinywa vya watu wengi, lakini huongezeka chini ya meno yasiyovuliwa usiku, na zaidi kwa mwenye kisukari kama mama. Mara nyingi hali hiyo haileti maumivu yoyote, tofauti na ilivyokuwa kwa mama. Amepewa dawa ya nistatini, na ameagizwa kuyavua kila anapolala, kuyasugua kwa brashi laini na sabuni, kisha kuyalaza ndani ya maji safi.

“Mwanangu, niliona aibu kulala kibogoyo,” aliniambia tukiwa kwenye bajaji.

Miaka sita, nami sikuwahi kumuuliza.

Ndugu zangu ambao wazazi wenu wanavaa meno ya bandia, je, huyavua usiku? Naomba mnieleze mlivyozungumza nao.