Mombasa kwa Noah ya kukodi, na kwa nini tulilala Bagamoyo

Tangu turudi Tanga kutoka harusini Mombasa kila ninayekutana nae anauliza mpakani mlisumbuliwa? Kwani wapi bana. Mpakani ni makaratasi tu, ukiwa nayo unapita, kazi ilikua kutoka Dar.

Gari tulichukulia Dar kwa sababu hapa Tanga wengi tuliowauliza wanataka uende na dereva wao, na ukitaja Kenya wanaanza kuguna. Basi huko Dar yule kijana wa ofisini alikua anamwita kaka yangu "bosi" kila baada ya maneno mawili, tulivyosema tunaenda Mombasa harusini ubosi ukaishia hapo hapo, akaenda kumwita mkubwa wake. Mwisho wakakubali kwa dipoziti kubwa zaidi. Sasa hapa usikubali kuondoka na funguo tu, dai barua ya mwenye gari yenye mhuri inayosema wewe fulani umeruhusiwa kuvuka nalo, iwe na namba ya gari na namba ya chesisi, na kadi ya gari, na bima ya COMESA, ile ya kuvukia nchi, maana ile bima ya kawaida haivuki Horohoro pale mpakani. Shemeji akalizunguka gari na simu anarekodi kila mkwaruzo, bampa la nyuma akakuta mchirizi umepakwa kitu kama rangi ya kucha, akaukwangua kwa ukucha mbele ya kijana ukabanduka wote. Kijana akacheka akaandika kwenye fomu.

Tukatoka jioni makusudi. Wengi wangesema subiri alfajiri, lakini alfajiri ya Dar kila mtu nae kaambiwa hivyo hivyo, na ukipita Morogoro Road unakutana na malori ya Zambia na Kongo kuanzia Kimara mpaka Kibaha mpaka Mlandizi huko, unatambaa nyuma yao na huna pa kuovateki. Sie tukashika barabara ya Bagamoyo. Foleni ipo, sidanganyi, Mwenge mpaka Tegeta tulikua tunasogea kidogo tunasimama, bodaboda zinapita huku na huku zinakaribia kula saiti mira, kaka kimya kabisa na gari ambalo sio lake. Bunju daladala zinajipakia popote zinapotaka, halafu ukishapita Mapinga ndio unahema. Tukalala Bagamoyo, tukala pweza, na asubuhi tukaamka Dar iko nyuma yetu wakati wenzetu ndio kwanza wanatafuta njia ya kutoka. Kutoka Bagamoyo unakata kwenda Msata, lami nzuri, unaibukia barabara ya Segera, na Chalinze yenyewe hukuiona kabisa.

Mto Wami siku hizi raha, daraja jipya pana, lile la zamani lilikua la gari moja moja mnasubiriana. Shida inayobaki ni tochi, vile vipima mwendo vya trafiki. Kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki wanajua pa kukaa, ukiona anayekuja mbele anakuwashia taa mchana kweupe punguza mwendo usijiulize mara mbili. Kosa moja ni elfu 30, na kwa gari la kukodi deni linasoma kwa mwenye gari, nae atakukata kwenye dipoziti bila hata kukupigia simu.

Segera tukakata kulia, Muheza machungwa, Tanga tukajaza mafuta na kumchukua mama na kapu lake na chupa yake ya chai. Mpakani sasa, ofisa wa Tanzania na wa Kenya wako jengo moja, unatoka kwa huyu unahamia kwa huyu. Wa Kenya akamuamkia mama shikamoo, akauliza mnaenda wapi, mama akasema "harusini mwanangu, Majengo, unatuchelewesha." Akacheka, lakini akatoka nje na ile barua akalinganisha namba kwenye gari lenyewe. Ndio maana nasema barua. Ukipewa kibali cha gari cha muda angalia tarehe, usizidishe.

Huko mbele gari linaendeshwa kushoto kama kwetu, Msambweni, Ukunda, hamna jipya. Kaka alitaka feri ya Likoni, mama akasema yeye na gari ndani ya boti hapana, bora ashuke atembee. Tukazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyopita kwenye feri, ni mbali kidogo lakini hamna foleni ya kusubiri maji.

Dipoziti ilirudi, pungufu hela ya kuosha siti, maana kuna mtu alimwaga chai Duga Maforoni na hataki jambo hilo litajwe.