Sukari vijiko vitatu

Jana binti wa kaka yangu aliniuliza, kijiko bado kiko hewani: "Shangazi, vitatu? Si uliacha?" Nikamwambia atie tu.

Mnaukumbuka mwaka ule nilipougua saratani. Kila aliyekuja kunijulia hali alinipa somo lilelile: sukari ndiyo chakula cha saratani. Nikaiacha kabisa. Kisha nikaenda kupiga picha ya PET, ile ya kusaka saratani mwilini, na nilichodungwa mshipani kilikuwa nini? Sukari! Imefungwa florini yenye mionzi, ambayo hupungua nusu kila dakika 110, ili panapoliwa sukari nyingi, kama kwenye saratani, pang'ae pichani. Sikuwa nimekula tangu usiku. Nikalazwa saa nzima chini ya blanketi, nisiongee wala nisitafune, kwa kuwa msuli ukifanya kazi nao huinywa ile sukari ukang'aa pichani. Mimi, kunyamaza saa nzima! Mume wangu alisema hicho tu kingetosha kuwa tiba.

Hiyo ilikuwa picha ya kabla ya dawa. Dripu tatu za tiba ya kuamsha kinga ya mwili zikapita, nikawashwa ngozi, basi. Tukapiga ya pili.

Daktari aliziweka zote mbili sambamba kwenye skrini. Ubongo ulimeremeta, kibofu kilimeremeta. Hayo nilikwishaambiwa ni ya kawaida. Lakini kwapani, palipokuwa na doa moja kama harage, sasa yalikuwa mawili, na lile la zamani limenona. Sikuhitaji mkalimani. Macho yangu yaliganda kwenye kalamu ya daktari. Kifuniko chake kilikuwa kimetafunwa, kina alama za meno pande zote. Akagonga nacho doa lile, mara moja, mara mbili, kimya. Mume wangu alikuwa ameshika goti langu, na ghafla nikahisi uzito wa mkono wake, kana kwamba ameusahau pale.

"Huenda ugonjwa umekua," daktari akasema. "Huenda pia ni askari wako wamefika."

Dawa hii, akaeleza, haiui saratani yenyewe. Huziondolea breki seli za kinga, nazo zikiuvamia uvimbe hula sukari kwa pupa ileile ya saratani. Picha inaonyesha kuna mlaji. Haisemi ni nani. Wala hakunificha: mara nyingi picha ya namna hii huwa ni ugonjwa kweli. Ila maumivu yangu yalikuwa yamepungua na uzito umepanda, kwa hiyo tuendelee na dawa, tupige tena baada ya wiki 6.

Wiki hizo niacheni nazo. Picha ya tatu ilitoka, kwapani giza.

Mzee tuliyekuwa tukikaa naye viti jirani vya dripu naye aliambiwa asubiri, juma lilelile. Tulikuwa tukionyeshana kwa vidole wiki zilizobaki. Kwake ulikuwa ugonjwa.

"Kwa hiyo, Shangazi, sukari ni mbaya au si mbaya?" binti akauliza, akinisogezea kikombe.

Nikakoroga.